Niliposimama Migombani

Ninyi walimu, wapya na wa zamani, na ninyi wasichana mnaosaidia darasa la awali, mwalimu mkuu ameniomba niwaandikie namna ya kuwachunga watoto mnapowatoa nje ya shule. Anasema nimeifanya kazi hiyo muda mrefu kuliko mtu yeyote hapa Ndandalo. Ni kweli. Niliajiriwa kupika uji, nikaishia kutembea nyuma ya watoto kila walipopelekwa mtoni, ziwani, au kwenye mashamba ya kokoa kuangalia ndege na majani. Sufuria kichwani, boksi la dawa mkononi. Miaka ishirini na nane. Nimeacha mwaka juzi, magoti yalipokataa.

Mimi nimeishia darasa la nne, kwa hiyo msitegemee maandishi ya kupangwa. Nitaandika kama ninavyoongea. Na nawaambia mapema, asije mtu akasema nilificha: katika miaka hiyo yote mtoto mmoja alinifia. Aliitwa Tumpe, alikuwa na miaka saba. Nilijua la kufanya na sikulifanya. Mama yake yu hai, nyumba yake ni ya sita kutoka kwangu, na hata leo watu wanamwita Mama Tumpe. Nitafika huko. Kwanza niwape ya kazi, maana nawajua, wengine mtaacha kusoma katikati.

Naanza na kuhesabu. Ninyi mnahesabu vichwa. Hata mimi nilikuwa nahesabu vichwa. Siku moja tulikwenda Ipinda kuona mpunga unavyopandikizwa, watoto arobaini na mmoja. Wakati wa kurudi nikahesabu, arobaini na mmoja, nikaridhika. Tumefika nusu ya njia, katoto kamoja pembeni yangu kakaniuliza, "Mama, shule yenu bado mbali?"

"Yenu? Kwani wewe ni wa shule gani?"

"Mimi ni wa Ipinda. Nimefuata uji."

Nikarudi mbio, sufuria ikinigonga mgongoni. Wa kwetu nilimkuta juu ya mpera, mashavu yamejaa, hana habari kwamba ameachwa. Mwalimu wa zamu alicheka wiki nzima. Mimi sikucheka. Hesabu ilikuwa sawa na mtoto hayupo, hebu lifikirieni hilo.

Tangu hapo kila mtoto nilimpa mwenzake. Wanashikana mikono asubuhi na wanarudi wameshikana. Humwulizi mtoto, "Upo?" Unamwuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Mtoto anaweza kujisahau, lakini mwenzake anamchongea haraka sana. Na watatu watatu sitaki. Akibaki mmoja asiye na mwenzake, huyo ni wako. Mkono wake ukae mkononi mwako mpaka mnafika shuleni. Usimbandike kwa wengine wawili. Hili nalisema kwa ukali kwa sababu nililijifunza vibaya.

Dawa nilifundishwa na nesi wa zahanati, Bi Mwanaidi, Mwislamu wa Pangani aliyeletwa huku na serikali. Aliilalamikia mvua ya Kyela tangu siku aliyofika hadi siku aliyohamishwa. Nilijuana naye kwa aibu. Mtoto aliunguzwa na uji mguuni, mimi nikampaka dawa ya meno mguu wote, nikambeba kwenda zahanati nikijiona nimefanya la maana. Bi Mwanaidi akaangalia ule mguu mweupe.

"Huu mguu una meno mangapi?"

Nikaanza kuipangusa ile dawa kwa kitenge.

"Maji, mama. Maji ya kawaida tu. Umwagie hapohapo, dakika ishirini. Si kuchovya na kutoa kama andazi. Na usipake kitu, si mafuta, si yai, si unga, si hiki ulichopaka."

Akaanza kunifundisha kila Jumamosi kwenye baraza la zahanati. Hakuwa na vitabu vya kunipa, na angenipa nisingesoma vizuri. Alishona mtoto wa gunia, akamjaza pumba za mpunga, tukamwita Mgonjwa. Mgonjwa nilimfunga vidonda, nilimbeba, nilimnyoosha mkono uliovunjika kwa vijiti na kitenge. Damu ikitoka sana, gandamiza kwa kitambaa safi na usifunuefunue kuangalia. Damu ya pua, mtoto ainame mbele na abane pua, msimwinamishe nyuma kama mnavyopenda, anaimeza halafu anaitapika. Nyuki wakiwavamia, ondoka kwanza, kwangua miba baadaye. Na maji yaliyotulia penye matete msiwaingize watoto hata kama ni ya magotini, kichocho kinakaa humo.

Na alinifundisha mtoto aliyezama. Hili aliniradidia mpaka nikachoka. Usimning'inize, usimzungushe, usimlaze tumbo juu ya mtungi ili maji yatoke. "Maji yaliyo tumboni yaache," alisema, "mtoto anadai hewa." Mlaze chali mahali pagumu. Kichwa nyuma kidogo, kidevu juu. Bana pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, pulizia mpaka uone kifua kimepanda. Mara tano. Asipoamka, sukuma katikati ya kifua mara thelathini kwa nguvu na kwa haraka, pulizia mara mbili, rudia, rudia, usiache mpaka apumue au aje mwenye kujua zaidi. Dakika zenyewe ni chache, nne au tano. Mimi nilimpulizia Mgonjwa mpaka pumba zikanipanda puani.

"Ukishajua," aliniambia, "usingoje ruhusa ya mtu."

Nikamwambia nimeelewa.

Sasa nyoka, kwa sababu wengi mnawapeleka watoto kwenye kokoa. Majani ya kokoa yakianguka yanatandika kama godoro, na kifutu anapenda kulala humo, rangi yake na majani ni moja. Mtoto avae viatu, si ndala. Wewe utangulie na fimbo ukipiga chini. Mtu asiingize mkono kwenye lundo la maganda. Hayo yote niliyasema siku mwanafunzi wetu Gwamaka alipoumwa, na Gwamaka aliingiza mkono. Baba yake alitokea shambani na wembe, kamba na lile jiwe jeusi lao la kunyonya sumu.

"Nipishe nichanje," akasema.

"Wembe huo kanyolee ndevu," nikamwambia. "Mtoto huyu hachanjwi, hafungwi kamba, hanyonywi. Mvue bangili hiyo ya mkononi kabla haijabana. Alale, asitembee hata hatua moja, na wewe na ndugu yako mtafute miti miwili tumbebe."

Alinitukana Kinyakyusa na Kiswahili, lakini alitafuta miti. Tulimbeba kwa kitenge hadi barabarani, akapelekwa hospitali, akapona. Leo anaendesha bodaboda na ananipita barabarani kwa mwendo ambao kifutu asingemwona. Nimemwambia hivyo. Anacheka.

Mnaona nilivyokuwa na mdomo. Yule baba nilimkemea mbele ya watu. Hilo mliweke akilini, ili msije mkadhani nilikuwa mwanamke mwoga.

Na Mwalimu Joakimu nilimkemea pia. Alikuwa kijana wa Singida, mpole, anapenda sana somo la sayansi, kila wiki anataka watoto waende nje. Tulikuwa Katumba Songwe, kiangazi kinaanza, jua linawaka, maji ya mto yanaishia vifundoni. Alitaka watoto wavuke hadi kichanga cha katikati waone nyayo za ndege. Mimi nikatazama juu, si juu yetu, kule milimani. Kule kulikuwa kweusi.

"Mwalimu, hapana."

"Mama Ambakisye, mbona mbingu ni safi?"

"Mbingu ya hapa ndiyo safi. Mto hautoki hapa."

Akacheka kidogo, akawaambia watoto wavue viatu. Nikaketi njiani nikasema atanivuka mimi kwanza. Alikasirika, ila hakunivuka. Haikuchukua muda, tukasikia mlio kama lori linakuja, na maji mekundu yakashuka na migomba mizima na kuku wa mtu juu ya gogo. Kile kichanga hakikuonekana tena. Mwalimu Joakimu aliketi chini akaweka kichwa magotini. Tangu siku hiyo nikisema neno anafuata. Mvua ya milimani ndiyo inayojaza mito yetu, wageni mnaoletwa huku mlijue hilo, na wenyeji mnaolijua mlikumbuke, maana wenyeji ndio wanaokufa zaidi.

Basi mwaka uliofuata Mwalimu Joakimu akawapeleka watoto ziwani.

Hapa inabidi niwaeleze ninyi mliotoka mikoa mingine, na vijana wa hapa ambao mnakula meza moja na baba mkwe mkiangalia mpira. Wakati wetu mke haonani na baba mkwe wake. Si ugomvi, ni heshima. Ukimsikia anakuja, unaacha njia unaingia porini, unajifunika. Humwangalii. Asisikie sauti yako. Jina lake hulitamki. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mitano na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake. Hata sasa ninapoandika, na yeye amekwisha kufa, jina lake mkono wangu haukubali kuliandika.

Nyumba ya ukweni ilikuwa jirani na mdomo wa mto, pale mto unapoingia ziwani. Mwalimu hakujua hilo, na mimi sikumwambia, kwa sababu siku nyingine mzee anakuwa shambani. Tulipofika nikamwona mgongo, ameketi mchangani anashona nyavu. Nikamwambia mwalimu nitapikia uji kule nyuma, kwenye migomba, kuna kivuli. Kivuli kilikuwa cha uongo. Nafasi yangu siku zote ilikuwa kati ya watoto na maji, na siku hiyo niliiacha.

Asubuhi ile mtoto anayeshikana mkono na Tumpe alikuwa na homa, hakuja. Tumpe tukambandika kwa wengine wawili. Wale wawili walikuwa ndugu, wakashikana wao. Ndala yake ikachukuliwa na maji, akaifuata. Penye mdomo wa mto mchanga una mashimo, unatembea maji yakiwa magotini na hatua inayofuata huna chini. Hakupiga kelele. Mtoto anayezama hapigi kelele, ninyi mnangoja kelele, hazipo. Wale ndugu waliponyanyua macho waliona ndala tu.

Wavuvi wawili walimtoa upesi. Sikuwa mbali. Niliposikia watoto wanalia nilitupa mwiko nikakimbia, na nilikuwa nakimbia huku najisemea chali, kidevu, pua, mdomo. Nilitoka kwenye migomba. Nikaona baba mkwe amewapokonya wavuvi mtoto, amemshika miguu, kichwa chini, anamzungusha ili maji yatoke.

Na miguu yangu ikageuka. Sikuamua. Nataka mnielewe, sikusimama nikapima heshima na mtoto kipi kizito. Niliinama, nikavuta kitenge usoni, nikarudi migombani. Mwili ulifanya hivyo wenyewe, kama mkono unavyotoka kwenye moto.

Kulikuwa na msichana wa darasa la tatu, Anna, amesimama karibu nami analia. Nikamshika bega.

"Anna, kimbia kwa mwalimu. Mwambie mtoto alazwe chini, chali. Kidevu juu, abanwe pua, apuliziwe mdomoni. Sema."

"Chali, kidevu, pua, mdomo."

Akaenda. Nilichungulia kwa tundu la majani. Mwalimu alimsikiliza, akamgusa mzee mkono, mzee akamsukuma. Anna akarudi.

"Mwalimu anasema yeye hajui kufanya. Anasema mama uje mwenyewe uonyeshe."

"Mwambie siwezi."

"Kwa nini?"

"Mwambie mkwe wangu yupo pale."

Anna alikuwa mtoto wa hapa, alielewa. Alikwenda akasema. Mwalimu Joakimu hakuelewa. Alipaza sauti, na sauti hiyo ninayo mpaka leo, "Mama Ambakisye, njoo. Njoo, nakuomba." Nilichuchumaa. Mzee aliposikia jina hilo akajua mke wa mwanawe yuko migombani. Naye akageuka, akanipa mgongo, kwa adabu, asije akanitia aibu, na mtoto bado yuko mikononi mwake kichwa chini. Wote wawili tulikuwa na adabu.

Dakika nne, tano. Mimi nilikuwa nazijua, wengine wote pale hawakuzijua. Nilizikaa zote.

Kwenye msiba wanawake walinisifu. Ndiyo, walinisifu. Mama mkwe alisema mbele ya watu kwamba amepata mkwe mwenye malezi, hata kwenye taharuki hakusahau nafasi yake. Siku iliyofuata nikaletewa kuku, zawadi kutoka kwa mzee. Nilimpika. Nilimla. Bi Mwanaidi alikuja kuzika pia, akanivuta pembeni.

"Ulipulizia?"

"Nilichelewa kufika," nikasema.

Alirekebisha mtandio wake, akaondoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda barazani kwake akanifundisha kama kawaida, hakuniuliza tena. Alipohamishwa aliniachia Mgonjwa. Mwalimu Joakimu aliomba uhamisho kabla yake. Hakuniaga, na simlaumu.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka zaidi ya ishirini. Sikumpoteza mwingine. Mtaniambia basi nimelipa. Sijalipa. Nilikuwa nafundisha kila mwalimu mpya, kila msichana wa awali, nawapa Mgonjwa wampulizie, wanacheka, wanafuta mdomo. Nilidhani kwamba desturi ile ikiisha, jambo lile nalo limekwisha. Na desturi imeisha. Binti zangu wanasalimiana na baba wakwe zao kwa kushikana mikono, nami nimefurahi. Nikajiambia sasa hakuna wa kujificha migombani.

Mwaka jana mlinialika ziwani nije kukaa tu kama mgeni. Sitawataja majina, mnajijua. Mtoto wa darasa la pili alipaliwa na muwa. Alishika koo, hakutoa sauti, midomo ikaanza kubadilika rangi. Walimu watatu walikuwa karibu kuliko mimi. Mmoja alitoa simu akampigia mwalimu mkuu kuuliza afanye nini. Mmoja alitoa simu akapiga picha. Wa tatu alisimama, mikono imening'inia. Niliinuka kwa magoti haya haya, nikamwinamisha mtoto mbele, nikampiga kati ya mabega kwa kiganja mara nne, kipande kikatoka, akalia. Kama kisingetoka kwa mara tano ningemkumbatia kwa nyuma na kumbana juu ya kitovu kwenda juu. Hilo nalo mlijue.

Halafu nikamwuliza yule wa tatu. Kwa upole, mtashangaa.

"Nilikufundisha hili mwaka juzi. Ulisahau?"

"Sikusahau, bibi."

"Sasa?"

"Angenifia mikononi je? Wazazi wangesema mimi ndiye niliyemuua. Sisi tuna ajira, bibi."

Mimi ningemjibu nini? Nilirudi nyumbani nikalala siku mbili. Mwanangu akadhani ni malaria.

Kwa hiyo mwalimu mkuu aliponiomba niandike, nilijua nitaandika habari za Tumpe, na nikaona haifai zisomwe na ninyi kabla ya mama yake. Yeye na mimi tumesalimiana kila siku kwa miaka yote hii. "Ugonile," ananiambia asubuhi, nami naitikia. Tukipeana chumvi ananiambia ndaga, yaani asante. Ameniombea kanisani nilipougua. Nilikuwa naamini hajui, na kila ndaga yake ilikuwa inanichoma, maana niliona naiiba.

Nimekwenda wiki iliyopita. Alikuwa anageuza kokoa kwenye jamvi, juani, kwa mkono. Nikaketi upande wa pili wa jamvi, na mimi nikaanza kugeuza, maana ni rahisi kusema mikono ikiwa na kazi.

"Mama Tumpe, siku ile ziwani mimi nilijua namna ya kumrudisha mtoto."

Hakuacha kugeuza.

"Nesi alinifundisha. Nilikuwa pale, hatua kama kutoka hapa hadi choo chako. Mwalimu aliniita. Sikutoka, kwa sababu ya baba mkwe."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Anna aliniambia jioni ile ile, maiti iko ndani. Chali, kidevu, pua, mdomo. Alikuwa anayasema huku analia, sikuelewa maana yake mpaka baadaye."

"Miaka yote hii? Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza nini, dada?" Alichagua punje iliyooza akaitupa. "Yule mzee ni baba mdogo wa mume wangu. Kwangu naye alikuwa mkwe. Nilimkwepa kama wewe ulivyomkwepa."

"Lakini mtoto ni wako. Ungekuwepo ungetoka."

Hapo ndipo alipoacha kugeuza. Alikunja mikono mapajani. Ni mwanamke mwembamba, ana mikono mikubwa.

"Hilo ndilo ninalojiuliza," akasema. "Kila mwaka siku ile ikifika najiweka pale migombani badala yako. Namwona mwanangu kichwa chini. Namwona mzee. Najiambia sasa toka, Mama Tumpe, toka. Na hata kwenye mawazo tu, mtu akiwa peke yake kitandani, hakuna anayemwona, sijawahi kujiona ninatoka."

Kuku walikuja kwenye jamvi, hakuna aliyewafukuza. Nilikuwa nimekwenda kuomba msamaha na sikuweza tena kuuomba, kwa sababu ningekuwa namwomba mtu aliyejiweka kwenye kosa moja na mimi.

Baadaye akaniuliza, "Unasema unawaandikia walimu wa shuleni?"

"Ndiyo. Na wasichana wa awali. Mwezi ujao wanawapeleka watoto ziwani, darasa zima."

"Ukiwaandikia hivi, siku hiyo watatoka?"

Nilitaka kumpa jibu zuri. Ni mzee, nami ni mzee, lingetutosha. Lakini nilikuwa nimeona mikono ya yule mwalimu ilivyoning'inia.

"Sijui," nikasema.

Mama Tumpe alitikisa kichwa taratibu. Akasema ndaga kwa kuja, akainama, akaendelea kugeuza kokoa yake.